Marehemu Madiran wa 1985, Aliyengojeshwa Mlo Unaomfaa

Kwa masikitiko makubwa, ukoo wa Barthouil unatangaza kifo cha chupa yao ya mwisho ya divai nyekundu ya Madiran, kilichotokea Jumapili, tarehe 14 Aprili 2024, saa saba mchana, mbele ya bata aliyekwisha kupakuliwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1985, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba. Zabibu zake zilichumwa na Bi Huguette, enzi mgongo wake ulipokuwa bado unamsikiliza. Alisoma miezi kumi na minane ndani ya pipa la mwaloni, akahitimu mkali, mkakamavu, wa kukausha ulimi mzima. Walimu walisema atakomaa akingojewa. Basi akangojewa.

Kazi yake ilikuwa kulala ubavu gizani, chini ya ngazi. Aliifanya miaka ishirini na miwili bila likizo.

Hakubahatika kuoa, ingawa alichumbiwa sana. Bwana Fernand, mume wa Huguette, alimkatalia kondoo wa Pasaka ("laini mno, divai itammeza"), bata wa kuhifadhiwa kwa mafuta ("chumvi imezidi"), hata jibini la mlimani ("halijakomaa").

"Fernand, zabibu zake nilizichuma mimi," Huguette alimwambia. "Nataka glasi moja na wewe, meno yangu yakiwa bado yangu."

"Vumilia, bibie. Bado amejifunga, ladha haijafunguka."

"Basi tumefungwa wawili."

Ugonjwa ulianza Desemba 2009. Divai ya umri ule husimamishwa siku moja kabla ya mlo, mashapo yatulie chini. Fernand alimsimamisha kwa heshima ya nguruwe mwitu, akaona mchuzi ni mwepesi, akaahirisha, kisha akasahau kumlaza. Marehemu alisimama miaka kumi na minne nyuma ya magunia ya viazi. Kizibo, kisichoguswa tena na divai, kikakauka, hewa ikapenya.

Jumapili ile Huguette alitimiza miaka themanini na minne, na Fernand hatimaye akakubali. Alimfungua, akanusa, akamimina glasi moja. Huguette akaonja, akaweka glasi mezani.

"Siki," alisema. "Kula bata wako."

Marehemu ameacha Fernand, Huguette, mapaja sita ya bata, na lebo isiyo na doa. Alale pema, safari hii nje.

Alipomwagwa leo asubuhi penye mizabibu, Fernand alivua kofia, akamuuliza, "Mzee mwenzangu, ulikuwa unangoja nini?"

Marehemu akajibu, "Kizibuo ulikuwa nacho wewe."