Mkeka wa Mama Pindo

Asubuhi benchi la mbele ya duka la Mama Pindo, fundi cherehani, huwa halina nafasi. Wembe, kinyozi wa jirani, hukalia ncha ya huku. Karani, mstaafu mwenye jibu la kila jambo, hukalia ya kule. Birika la kahawa katikati. Siku hiyo gumzo lilikuwa mkeka ambao Mama Pindo alionekana nao akitoka kwenye ukumbi wa zahanati. Wembe alisema mama wa watu kajiunga na dini mpya. Karani akadai ni mieleka, eti wanawake wakishapita hamsini hufundishwa kwa siri namna ya kuwabwaga waume zao. Wakacheka mpaka kahawa ikawapalia.

Ndani, Mama Pindo alisikia kila neno. Uso ulimwaka. Angeweza kunyamaza mbele za watu, kama alivyonyamaza tangu alipojifungua kitindamimba wake. Badala yake aliiacha cherehani, akatoka na futi ikiwa shingoni.

— Ni yoga, akasema. Naenda kwa sababu mkojo unanitoka.

Karani akakikodolea macho kikombe chake.

— Nikikohoa, unatoka. Nikipiga chafya, unatoka. Harusi ya mwanangu mwenyewe sikucheza, nilikaa kitini kama mgonjwa. Sasa nesi anatufundisha kupumua, kukaza misuli ya huku chini, kuchuchumaa na kuinuka taratibu. Sijapona kabisa. Lakini juzi nimepanda basi la safari ndefu, nikafika mkavu.

Wembe akanong'ona kwamba mambo hayo ni ya kusemwa chumbani.

— Chumbani nimeyasema mpaka nimechoka, nimepata nini? Mkeka nitaubeba mchana kweupe, na atakayeniuliza nitamjibu hivi hivi.

Mama mmoja aliyefuata gauni lake alikuwa amesimama kando, anasikiliza. Akawageukia wale wawili, akauliza kwa upole tu:

— Nyie wake zenu mmewahi kuwauliza?

Mama Pindo alimtazama Wembe. Yeye alijua mke wa kinyozi huyo ameacha kusafiri, hata kwa dada yake haendi tena, na kila mara ana sababu mpya. Hakulisema hilo.

Kinyozi aliweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa, akafunga kibanda chake asubuhi ile ile, akashika njia ya nyumbani.