Meli Zilizotangulia Tangazo

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimtania kwa jina la Bwana Ngoja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, kifungua mimba wa baba fundi mitambo na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi ya kiwanda, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1971 akapata shahada ya uchumi, wa kwanza mtaani kwetu.

Mwaka huohuo aliajiriwa Idara ya Forodha, akapanda hadi kuwa mkuu wa ushuru, na tarehe 14 Agosti 1976 alimuoa shemeji yetu, mwalimu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao kila asubuhi walichelewa shule kwa sababu baba yao aliendesha gari mwendo wa kobe.

Serikali ilipoamua kufungua soko, marehemu hakupinga, aliomba tu ushuru wa nguo upunguzwe kidogo kidogo kwa miaka mitano ili kiwanda kijipange, wakubwa wakacheka, huyu naye na ngoja yake, na tarehe 2 Juni 1987 ushuru ukafutwa kwa mkupuo. Siku ya kuufuta ilikuwa siri ya watu wanne, lakini asubuhi ya tangazo alikuta bandarini meli tatu za vitambaa, mali ya mkwe wa waziri wa fedha, zilizosafiri mwezi mzima. Mwenye macho haambiwi tazama. Kiwanda kilifungwa mwaka uleule, na baba yetu hakuishi sana baada ya hapo.

Marehemu aliuliza nani alitoa siri, akahamishiwa ghalani, akaendelea kuuliza, hadi mwaka huu kamati ya bunge ilipomwita kutoa ushahidi. Jumatano, tarehe 10 Novemba 1993, wakubwa wake wa zamani walimwalika chai, akamwambia mkewe kwamba wenyeji wote walidai wamekwisha kunywa, usiku tumbo likamkamata, na Ijumaa akafariki hospitalini.

Tunawashukuru majirani, wafanyakazi wenzake, na madaktari, hasa yule aliyetaka kumchunguza zaidi na ambaye jana amehamishwa, na tunamshukuru mheshimiwa waziri kwa shada la maua, lililofika nyumbani kabla hatujatangaza msiba.

Mwisho, mjane ameniagiza niseme hadharani kwamba mumewe alimweleza yote, na Jumatatu saa nne atakwenda mbele ya kamati badala yake. Tunaogopa, hatufichi. Tunaomba mje mumsindikize, na asipofika, ulizeni.

Kaka, wewe pumzika kwa amani.