Winfred Mwende na Picha za Wales Zilizolowa Jeddah

Ndugu waombolezaji, mimi ni Susan, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada kabla mwili haujasafirishwa kwenda Mwingi, nanyi mtanivumilia nikisoma polepole, maana tumechoka sote.

Winfred Mwende alizaliwa tarehe 9 Aprili 1978 huko Mwingi, mtoto wa pili wa mzee Wambua na mama Kalekye, akasoma msingi na sekondari hapohapo nyumbani, kisha akasomea ukutubi Nairobi, akahitimu mwaka 2001 na kuajiriwa Machakos. Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na Laban Musyoka, wakabarikiwa watoto wawili, Ivy na Lewis.

Mwaka 2015 alikuja Riyadh kwa mkataba, katika maktaba ya binafsi hapa Al-Murabba, akakabidhiwa mkusanyo ulioachwa na daktari mmoja, mama wa kutoka Wales aliyewahi kutibu watu Jeddah, nao ulikuwa michoro na picha za wanawake wa kwao waliovaa kofia ndefu nyeusi, shali nyekundu na magauni ya sufu yenye mistari, pamoja na vazi moja kamili. Nilimuuliza sufu ni ya nini kwenye joto hili, akanijibu, "Susan, mama alisuka viondo, hawa walifuma sufu, mikono ni ileile."

Novemba 2022 mvua kubwa iliingiza maji kwenye ghala la maktaba huko Jeddah ulikohifadhiwa mkusanyo huo, bosi akamwambia, "Halas, basi tena, Winfred, zitupwe," naye dada, ambaye tayari miguu ilikuwa ikimvimba, akamsihi, "Baba, nipe mwezi huu tu." Alisafiri hadi Jeddah, akazileta chumbani kwangu mtaa wa Al-Mahjar nilikokuwa nikiishi, tukawa tunazibandua karatasi moja moja na kuzianika juu ya mashuka mbele ya feni, nyingine zikararuka mikononi mwake akalia, lakini nyingi zilipona, na lile vazi likachuja rangi tu. Bosi alipoziona aliagiza zipelekwe Riyadh zitengewe chumba, na wasomaji wanaziona hadi leo.

Laban alimsihi arudi nyumbani akatibiwe, kila mara akajibu, "Nikimaliza," ila kazi ile haikuwa ya kuisha, na mwaka 2024 madaktari wakakuta figo zimeshindwa. Alifariki hospitalini hapa Riyadh tarehe 6 Februari 2025, saa sita mchana, nikiwa kando yake, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Nifungie pazia, Susan, jua limenichosha." Ivy na Lewis hawakuwahi kufika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Al-Mahjar waliotuazima feni zao wakalala na joto, bosi wake, na Japheth, mfanyakazi mwenzake, aliyehangaikia karatasi za kumsafirisha.

Mwende wa mama, hakuna tena atakayekuamsha kwenda kazini, pumzika kwa amani.