Meza ya Maini Namwachia Mkwe

Sogeeni, wanangu, na anayetaka kulia akalie jikoni kisha arudi, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kubembelezea mtu. Jana daktari alinibonyeza hapa ubavuni kama anayechagua parachichi sokoni, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia, usijisumbue, baba, ini limevimba, ukingo umekuwa butu na lina vinundu. Ini kama hili lisingepita mezani kwangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Nanyi chekeni. Nimekula chumvi nyingi, niliolewa na mtu niliyempenda, nimezaa wawili na wote mko hapa. Anayekufa ni mimi, sioni kwa nini mnune nyinyi.

Nyumba ni yenu wawili, nusu kwa nusu. Bunduki ni ya mkubwa, na kibali cha kuwinda kina jina lake tangu tulipomzika baba yenu. Cherehani ni ya kitinda mimba, ambaye hajui kushona lakini atajifunza, au atamuuzia anayejua. Hayo hayana ugomvi. Lenye ugomvi ni chumba cha nyuma, chenye bomba na meza ya bati, kwa sababu najua mkubwa ameahidiana na mwenye hoteli kwamba kuanzia mwezi ujao kulungu watatolewa matumbo hukohuko porini, hotelini ifike nyama tupu, upesi upesi, na meza yangu iwekewe ndoo za rangi. Usitazame chini, mwanangu. Dereva wa hoteli ana mdomo kuliko redio.

Miaka thelathini na minane baba yenu alileta mnyama pamoja na vya ndani vyake vyote kwenye beseni, mvua inyeshe, jua liwake, na mimi nikavipanga juu ya bati kwa mpango uleule: mapafu, moyo, ini, wengu, figo, kisha utumbo. Mapafu mazima ni mepesi, ukiyabonyeza yanarudi. Ukikuta ndani punje ngumu kama mtama, na ukizikata zinatoa usaha wa njano mzito, hicho ni kifua kikuu, na mnyama anazikwa mzima, na ngozi yake na pembe zake. Ini likiwa na mishipa migumu myeupe, ikate, utaona minyoo bapa kama majani. Tupa ini, nyama italiwa. Lakini wengu ukiwa umefura na kuwa mweusi, na damu haigandi, weka kisu chini, mwite daktari wa mifugo, maana hicho ni kimeta, na kimeta hakiulizi nani mwindaji nani mlaji. Hayo yote huyaoni kwenye paja lililoning'inizwa hotelini. Nyama haisemi, vya ndani ndivyo vinavyosema.

Baba yenu alileta, mimi nikatoa neno. Nikisema hapana, alichukua jembe. Alinuna, alipiga ndoo teke, na siku moja alimsomea kulungu hotuba kaburini akimwita marehemu mjomba, lakini alizika.

Sasa sikilizeni lile ambalo sijamwambia mtu, maana mficha maradhi kifo humuumbua, nami nisingoje kuumbuliwa. Mnaikumbuka siku kitinda mimba alipoolewa. Mkubwa alileta dume mnono, manyoya yanang'aa, uzuri wa mkakasi. Nikayatazama mapafu, nikasema yapite. Mke wa mkubwa, mgeni wa miezi minne humu ndani, alikuwa anaosha beseni; akagusa, akasema, "Mama, humu kuna vijiwe." Mbele ya mashangazi. Nikamjibu, "Vijiwe viko kichwani mwako." Alichukua kisu akakata, na wote tukaona usaha wa njano. Wageni mia mbili walikula maharage, wakacheza mpaka zulia likatoboka, na bwana harusi mpaka leo hata bosi wake anamwita Maharage. Mimi sikucheza. Nilisema msichana huyu amenivua nguo, na mwaka mzima nikawa nampa chai bila kumtazama usoni.

Ukweli ni huu. Sikuyabonyeza yale mapafu kwa sababu vidole vyangu vilikwishakufa ganzi. Ningebonyeza jiwe au pamba, kwangu ni mamoja. Niliona haya kusema, kwani mimi bila vidole ningekuwa nani humu?

Na yeye alijua. Kila mnyama alipoletwa alijidai anakuja kuosha beseni, akapapasa kila kitu haraka haraka, na akikuta kibaya aliacha kisu pembeni yake, mpini umeelekea palipo na ugonjwa, akatoka. Mimi nikafuata mpini, nikakata, nikatangaza. Mlinisifu, mama haachi kitu. Miaka sita, wanangu, sifa zile ni za huyu aliyekaa mlangoni, na hajawahi kumwambia hata mumewe. Mkwe wangu, nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Acha kujifuta na kanga yangu, ni safi.

Basi chumba cha nyuma, meza, visu na neno la mwisho ni vyake. Mkubwa, mwambie mwenye hoteli akitaka upesi akawinde mwenyewe; akitaka nyama yetu angoje mkeo amalize. Na useme hapa, niko hai: akisema hapana, nazika. Sema. Sikusikia. Wala mkeo hakusikia. Haya, sasa nimesikia, na jirani pia amesikia. Kitinda mimba, mbona unamcheka kaka yako? Mcheke, mcheke sana, mwenyewe anacheka.

Mnizike asubuhi, kabla ya jua kali, na msiwacheleweshe watu kwa hotuba. Baba yenu alishazimaliza zote. Nguo zangu wagawiwe wale zitakaowafaa. Na msigombane... mkigombana, mpatane kabla ya kula.

Nipandishieni mto. Hapo.

Mungu awape wanyama wazima na macho ya kuwajua wagonjwa. Awape... nimesahau, lilikuwa neno zuri. Awape wote. Watoto wenu wawe wengi, wawe na kelele kama nyinyi.

Mkwe, njoo karibu. Nipe mkono... vidole vyako, viweke kwenye vyangu. Sivisikii, mwanangu. Lakini najua vipo.