Siku Tuliyomshangilia Mnyoo

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Leo sitanong'ona.

Siku ile Mungu alipotutembelea tulikuwepo watano: mimi, mdogo wangu Zawadi, aliyekuwa mgonjwa, shangazi yetu, Mzee Omari, hamali wa soko la Marikiti, na daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole.

Wazazi walipotutoka, mimi mkubwa niliacha shule nikauza mboga. Niliapa kwamba Zawadi atasoma na hatutatengana. Kisha akaanza kuanguka. Mkono wa kushoto ulicheza kwanza, halafu mwili mzima, halafu povu. Huku Majengo wengine walisema ni pepo, wengine kifafa cha ukoo. Akatengewa kikombe chake. Shule akaacha. Tuliomba, ndugu zangu, tukafunga, naye akazidi kuanguka. Mwishowe shangazi akaja kumchukua, akamfiche kwake bara.

"Nani atakuoa wewe, na huyu nyumbani?" aliniuliza.

Asubuhi ya safari Zawadi, akiwa na shangazi, alikuja sokoni kuniaga, akaanguka kati ya mafungu ya mchicha. Watu wakaruka nyuma. "Msimguse! Povu hilo!"

Mzee Omari akashusha ndizi za watu kwenye mkokoteni wake. "Povu gani! Mie nimelea wajukuu kumi. Shika miguu, weye!" Akamlaza ubavu, akasukuma mpaka hospitali, shangazi akikimbia nyuma na kukemea pepo njia nzima.

Daktari aliuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Huanzia wapi?" Nikamwambia, mkono wa kushoto. Akaagiza picha ya kichwa. Tulipoitwa ndani, akatuonyesha kidoa cheupe.

"Huyu ni mtoto wa tegu, mnyoo wa nguruwe. Amejificha kwenye ubongo. Anatibika."

Ndugu zangu, nilipiga kigelegele! Si pepo! Si ukoo! Mnyoo! Wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia mlangoni.

Mzee Omari akasema, "Basi mie hayanihusu. Nguruwe sili."

"Yanakuhusu, mzee," daktari akacheka. "Mtu mwenye tegu tumboni asiponawa akitoka chooni, mayai hufika kwenye chakula cha yeyote."

Mzee akatazama viganja vyake. "Lo! Sabuni i wapi?"

Na shangazi? Alichukua chupa ya maji ya Zawadi, akanywa funda, akamrudishia, akaiomba tena akanywa. Habari ya safari ikaishia hapo.

Zawadi alilazwa, akatibiwa mnyoo. Dawa za kifafa bado anameza kila siku, kama alivyoagizwa. Amerudi shule, na tangu masika hajaanguka! Asante, Bwana, uliyetujibu kwa mkokoteni na picha ya kichwa! Nawe mwenye mtu anayeanguka, usimfiche. Mtumaini Mungu, umwombee mgonjwa wako mkiwa njiani kwenda hospitali. Huko nako Mungu yuko.

Ila deni limebaki. Mzee Omari alikataa ujira. Alisema Zawadi akipata nguvu atamlipa kwa kumsukuma yeye kwenye mkokoteni uleule, kutoka Marikiti hadi Ngome ya Yesu, ameketi kama bwana harusi. Jumamosi Zawadi alijaribu. Magurudumu hayakusogea.

"Kula ugali, mwanangu," mzee akamwambia, bila kushuka. "Mie nangoja."