Kinasa Sauti Kabla ya Ijumaa

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali, karibu chumba cha kufulia. Utuwie radhi kwa joto hili. Mashine zote tumezizima kwa heshima yako, ila kuta bado hazijapoa.

KIKUNDI CHETU
Sisi ni madobi kumi na mmoja. Zamu ikiisha tunakaa juu ya vikapu vya mashuka na kupiga muziki. Kiongozi wetu ni huyu aliye mbele yako, kodiani mapajani. Tunamwita Shangazi. Nyimbo zetu ishirini na mbili alizitunga yeye, humu humu. Hakuna iliyoandikwa. Zote ziko vidoleni mwake.

MAFANIKIO
Mwaka jana wagonjwa wa wodi ya juu walimtuma muuguzi aje kuuliza kwa nini tumenyamaza. Tulikuwa likizo.

CHANGAMOTO
Tangu mwezi uliopita vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vinakufa ganzi, ingawa bado anapiga kwa taabu. Ijumaa anapasuliwa mkono huo. Daktari hakutuficha: huenda vikapona, huenda visipige tena. Leo ni Jumatano.

Wiki mbili tulimrekodi kwa simu. Kisha tukasikiliza. Ile sauti nzito ya kodiani, inayovutwa muda mrefu, simu ilidhani ni kelele za feni, ikaifuta. Kilichobaki ni kikohozi chake, na yeye akifoka, "Nani kafungua bomba?"

Tukaenda naye dukani.

"Mama, hiki kinasafisha sauti chenyewe," muuzaji alijigamba.

"Dobi ni mimi, mwanangu. Nipe kinachoniachia uchafu wangu."

Tulijaribu vinasa sauti viwili. Cha kwanza ni cha mikutano: akipiga taratibu, chenyewe kinapandisha sauti, hata mlango wa duka jirani tukausikia. Cha pili kina maikrofoni mbili, na kiwango cha sauti unakiweka mwenyewe kwa kuzungusha kitufe, ukishakiweka, hakihami. Akipiga kwa nguvu hakikwaruzi. Kinaenea mfuko wa aproni. Shangazi alisikiliza, akavua hedifoni, akasema tu, "Huyu ndiye mimi."

MAOMBI
Mgeni rasmi, sehemu hii msimamizi wetu aliikata jana kwa kalamu nyekundu. Alisema, "Shukuruni, basi. Mkimuudhi, mimi simo." Tunaisoma hivyo hivyo.

Tumesikia kwamba ndani ya boksi hilo lenye utepe ulilotuletea mna simu mpya ya kisasa. Ahsante sana. Tunaiogopa. Tunaomba ibadilishwe, tupate kile cha pili.

Kama haiwezekani, tunalo ombi dogo zaidi. Muuzaji ametuazima kile cha pili mpaka saa kumi na moja jioni. Kipo pale juu ya mashine ya kukaushia, kimewashwa. Ratiba inaonyesha hotuba nne baada ya risala hii. Tunaomba zisubiri. Sasa hivi ni saa tisa na nusu, na tangu uingie Shangazi hajaacha kuuminya mkono ule, kama anayetafuta kitu ndani yake.

Mungu akujalie afya, na mikono yako ikutii mpaka uzeeni.

Ni sisi, Kikundi cha Muziki cha Madobi wa Hospitali.

Shangazi, piga.