Dkt. Ngowa Kadenge na Unga Ulioingia Shaba

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, hapa kwao Ribe, ni Daktari Ngowa Kadenge. Alizaliwa hapa hapa tarehe 6 Machi 1972, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Kadenge na marehemu Sidi. Wa kwanza ni dada yake, Kache, aliyemzidi miaka mitatu. Mama yao alifariki mwaka 1978. Baba yao akawachukua hadi Mombasa, alikokuwa bawabu wa duka la Bwana Tayebali, barabara ya Ndia Kuu. Tayebali na mkewe, Bi Hajrabai, waliwapa vyumba viwili vya juu katika nyumba yao ya Mji wa Kale. Humo ndimo Ngowa alimoishi karibu maisha yake yote.

Januari 1979 baba yao alimpeleka shule mtoto mmoja. Kache alikuwa akikaribia miaka kumi wakati huo, na baba alisema nyumba haikai bila mtu wa kupika. Ngowa alikuwa mwepesi wa akili na hakuacha kitu bila kukichokonoa. Siku moja, akiwa darasa la tatu, alichanganya magadi na maji ya ndimu ndani ya chupa, akaiziba. Kizibo kiliruka kikavunja kioo cha saa ya ukutani ya Tayebali. Kache alisema ni yeye mwenyewe. Bi Hajrabai, aliyekuwa amesimama ngazini akiona yote, alimwuliza, "Wewe Kache utabeba makosa ya huyu mpaka lini?" Kache alicheka tu. Ngowa alimaliza kidato cha nne mwaka 1990, akilipiwa karo kwa mahamri na mbaazi ambazo dada yake aliuza Makadara, akaingia chuo kikuu Nairobi kusoma kemia.

Mwaka 1998 alirudi kufundisha katika chuo kimoja kisiwani, na akamtafutia dada yake kazi ya usafi katika maabara ya chuo hicho hicho. Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Beryl, ambaye ni muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Sammy na Jael.

Kazi aliyoipenda kupita zote ilihusu dawa zinazoitwa thiosemikabazoni. Alimweleza Kache wakati dada huyo akiosha chupa. "Dada, hiki kitu kina kidole cha salfa na kidole cha naitrojeni. Kikikutana na madini, kinabana kama gando la kaa."

"Na kisipokutana?"

"Basi kinabana hewa."

Alikuwa akiuchemsha mchanganyiko wake katika spiriti na matone machache ya siki kali, anauacha upoe, anachuja, anabaki na unga wa njano kama bizari. Kisha anauweka katika visahani vilivyooteshwa vijidudu vya vidonda, aone kama vitakufa. Kwa miaka mitatu vijidudu havikufa vya kutosha.

Mwezi wa Mei 2006 tanuri la kukaushia la chuo liliharibika, Ngowa akauleta nyumbani unga wa wiki sita, ukiwa mbichi bado, akautandaza juu ya karatasi chumba cha mbele. Beryl alikuwa kwao Siaya, amejifungua Sammy. Jumanne tarehe 9 mvua za mwaka zilishuka asubuhi, dari likafunguka juu ya ule unga. Ngowa alikuwa darasani. Kache alipanda juu ya paa na gunia, akashuka amelowa chapachapa, akaukusanya unga kwa mikono na kuutia katika chombo pekee kilichokuwa kikavu na kitupu. Kilikuwa sufuria ya shaba ya Bi Hajrabai, ambayo Kache alipewa aipeleke kwa fundi ikatiwe kalai, maana ile bati ya ndani ilikwisha yote. Kila mwanamke wa Mji wa Kale anajua kwamba sufuria iliyoisha kalai haipikiwi kitu chenye ndimu, maana ukali huitoa shaba. Kache alijua pia. Lakini huu haukuwa wa kuliwa, naye hakuna aliyemwambia kwamba siki ilikuwa bado imo ndani.

Ngowa, aliyezuiwa chuoni na mvua usiku huo, alirudi siku ya pili, akafunua. Unga ulikuwa umegeuka kijani cheusi.

"Umeniua, Kache," alisema. Hakupaza sauti.

Alikwenda chuoni akamwambia mkuu wake kwamba mfagiaji ameingilia utafiti. Kache aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo. Hapa Ribe habari zilifika kabla yake, na ndio mwanzo wa watu wa nyumba hii kumwita Kache Mharibifu, hata mbele yake, watoto wakisikia. Alihama, akapanga chumba Makadara.

Unga ule Ngowa hakuutupa. Aliuyeyusha, akadondosha tone moja katika kila kisahani, na pande zote za tone lile vijidudu vikafa, duara safi lenye upana wa kidole gumba. Akatengeneza mwingine, mara hii akitia chumvi ya shaba kwa kipimo, ukawa vile vile. Kazi ile ilikuwa ya kweli na aliifanya kwa uangalifu. Hilo halipingwi na mtu. Lakini alipoulizwa wazo la shaba alilipata wapi, alijibu kwamba lilimjia akitembea Ndia Kuu.

Tarehe 11 Desemba 2010 tulisherehekea udaktari wake. Kichupa kidogo kilipitishwa mkono kwa mkono, wageni waone. Kilipofika kwa Kache aliitambua rangi ile mara moja.

"Ngowa, hii shaba uliitoa wapi?"

Ngowa alitabasamu kwa wageni. "Dada, mambo ya kemia tuachie sisi. Wewe tuangalizie pilau." Wageni walicheka, na Kache akaenda kuangalia pilau.

Tangu hapo Ngowa hakuwa na raha, ijapokuwa aliitwa mikutano mingi. Beryl alimkuta mara nyingi amesimama kwenye beseni akinusa vidole. "Vinanuka shaba," alikuwa akisema. Sufuria ya Bi Hajrabai aliifungia kabatini, na mama wa watu aliidai mpaka akafariki. Kila msimu wa mvua Ngowa alimpigia Kache simu, hata jua likiwa linawaka. Alikuwa akiuliza neno moja, "Huko kunavuja?" Akijibiwa hakuvuji, alikata.

Novemba 2024 alianza kuumwa ubavu. Hospitali walisema ni saratani ya ini. Mwanawe Sammy alimwuliza kama dawa zake haziwezi kumsaidia. Alimjibu, "Zangu ziliua vijidudu kwenye kisahani, mwanangu. Mtu si kisahani." Beryl akiwa kazini, aliyeitwa kumwuguza alikuwa Kache, naye akaja.

Katika wiki ya pili ya Juni alimwambia, "Kache, kuna wewe mwingine pale mlangoni. Amelowa."

"Anataka nini?"

"Hasemi. Ameshika unga, anangoja. Kila siku yuko hapo, tangu ulipohama." Kisha akasema, "Dada, nilikudhulumu. Nisamehe."

"Aibu ulinitia mbele za watu," Kache alimjibu. "Niombe mbele za watu."

Ngowa alikubali. Waliwaita jamaa wote waje Jumapili tarehe 22 Juni, baada ya ibada. Akawa anayafanyia mazoezi maneno yake, akiyapunguza kadiri pumzi ilivyopungua. Alifariki Jumamosi tarehe 21, saa tisa alasiri. Kabla ya hapo, kwa nguvu zilizombakia, aliuliza mara mbili kama ni Jumapili, na Kache akamwambia, "Bado." Angeweza kumwambia ndiyo. Angeweza kumwambia amesamehewa. Hakumwambia.

Juzi katika kikao cha matanga mchungaji aliomba sehemu hii iondolewe, kwa heshima ya marehemu. Beryl alisema, "Isomwe. Nimelala naye miaka ishirini na mitatu, najua kilichokuwa hakimlazi." Na Kache, tangu Jumamosi ile, hajamaliza siku bila kusikia mtu akijaribu kuanza kusema nyuma yake, akikwama kwenye neno la kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Beryl. Watoto, Sammy na Jael. Na dada, Kache, ambaye hakuharibu kitu.

Ngowa, watu wamekuja, na wamesikia. Dada yako amekusamehe, amechelewa siku saba. Sasa nyamaza, upumzike.